Mwaka wa Kwanza wa Sheria na Familia: Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Muhula

Katika kazi yangu ya kuwashauri wanafunzi wa sheria wenye wenza, watoto au wazazi wa kutunza, ipo kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kuimalizia kabla msemaji hajafika katikati: kwamba anayefaulu mwaka wa kwanza ni yule anayesoma saa nyingi kuliko wenzake, na kwamba kwa sababu hiyo kila saa anayokaa na familia ni saa iliyoibwa kwenye masomo. Inashangaza kuona watu wanaojifunza kudai ushahidi kwa kila jambo wakiipokea kauli hii bila ushahidi wowote. Nitaanza nayo na nitakaa nayo, kwa kuwa ndiyo inayovuruga nyumba na kushusha alama kwa wakati mmoja.

Mtihani wa sheria haupimi wingi wa kurasa ulizopitia. Kwa kawaida humpa mtahiniwa tukio la kubuni la watu watatu au wanne waliodhuriana au kuvunjiana ahadi, kisha humtaka abainishe suala la kisheria, aitaje kanuni inayohusika, aitumie kanuni hiyo kwenye yaliyotokea, na afikie hitimisho. Wengi huangukia katika hatua ya tatu, na hatua hiyo haizoeleki kwa kusoma. Huzoeleka kwa kuandika majibu.

Tuchukue hukumu ya Donoghue v Stevenson, iliyotolewa mwaka 1932 na Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa. Mdai alidai kwamba aliugua baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi kilichotoka katika chupa yenye mabaki ya konokono aliyeoza. (Kesi ilimalizwa kwa makubaliano baada ya hukumu hiyo, hivyo konokono mwenyewe hakuthibitishwa mahakamani hata siku moja.) Hukumu hiyo ina takriban kurasa 60. Muumini wa saa nyingi huanza ukurasa wa kwanza, kalamu ya rangi mkononi, asijue kwamba maoni yanayotangulia ni ya Lord Buckmaster, mmoja wa majaji wawili waliozidiwa kura na wenzao watatu. Nimewahi kuonyeshwa daftari lenye kurasa kadhaa za mwandiko nadhifu, zilizopigiwa mistari kwa rangi mbili, zikieleza kama sheria hoja zile zile ambazo mahakama ilizikataa. Zilikuwa zimegharimu jioni nzima.

Mwenye mtoto wa kulaza, ambaye ana dakika 40 tu, hana anasa hiyo. Hutafuta kwanza nani alishinda na kwa kura ngapi, huenda moja kwa moja kwa Lord Atkin, mmoja wa wale majaji watatu walioshinda, kisha huandika kwa maneno yake wajibu wa kuchukua uangalifu wa kadiri ili usimdhuru yule ambaye ungepaswa kumfikiria kuwa ataguswa moja kwa moja na tendo lako. Akibakiwa na dakika 10, hubadilisha jambo moja tu katika tukio: ingekuwaje kama chupa ingekuwa angavu na konokono anaonekana? Swali hilo moja, likijibiwa kwa kuandika, lina faida kuliko kuirudia hukumu yote mara ya pili.

Utafiti wa kumbukumbu unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliosoma matini kisha wakajijaribu kuikumbuka walikumbuka mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kuisoma, ingawa waliorudia ndio waliojiamini zaidi. Ukiniambia kwamba unaielewa mada kwa sababu umeisoma mara nne, nitakuomba ufunge kitabu.

Wanafunzi wengi hunitajia Ruth Bader Ginsburg, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, kana kwamba alikuwa kiumbe wa namna nyingine. Aliingia Harvard mwaka 1956 akiwa na binti wa miezi 14. Alieleza mwenyewe kwamba alisoma kwa bidii hadi saa 10 jioni, saa zilizofuata zikawa za mtoto, na mtoto alipolala alirudi kwenye vitabu akiwa na ari mpya. Na alisema kwamba binti huyo alichangia sana kufaulu kwake. Katika habari hiyo mimi naona, zaidi ya kipaji, ratiba yenye saa ya kumaliza, na hiyo ndiyo ninayowasihi wateja wangu waweke kabla ya kununua kitabu chochote.

Dhana nyingine hazinichukulii muda mrefu. "Familia yangu itaelewa." Itaelewa nini, ikiwa hujaiambia? Bandika ukutani karatasi moja yenye tarehe za mitihani na za kuwasilisha kazi za muhula mzima, ili mwenza wako ajue ni wiki zipi utamwelemea.

"Asiye mwanasheria hawezi kunisaidia." Mweleze kwa nini, katika sheria ya Kiingereza, bidhaa yenye bei kwenye rafu ya duka si pendekezo la mkataba bali ni mwaliko tu kwa mnunuzi atoe pendekezo. Asipoelewa, yaelekea wewe ndiye hujaelewa.

"Mwaka wa kwanza huamua kila kitu," husema mmoja, na mwenzake husema kwamba hauhesabiwi kabisa. Wote wameazima ushauri wa nchi nyingine. Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, alama za mwaka huo zina uzito mkubwa katika ajira. Katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza inatosha kufaulu, kwa kuwa alama hizo haziingii katika daraja la shahada. Soma kanuni za chuo chako.

Mwisho, ile ya kwamba kuomba nafuu mtoto anapougua ni kujionyesha dhaifu. Vyuo huwa na utaratibu wa kushughulikia dharura, na maombi yanayofika baada ya matokeo kutoka huwa magumu zaidi kukubaliwa. Andika barua siku ile ile, ambatisha cheti cha daktari, na uiwasilishe kabla hujaingia katika chumba cha mtihani.