Herufi si sauti

Herufi huonekana, sauti husikika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini wengi wanaojifunza kusoma hukwama hapo. Mtoto anayeanza kusoma tayari anaweza kusema "mama". Asichokijua ni kwamba neno hilo hukatika vipande, m-a-m-a, na kila kipande kina alama yake kwenye karatasi. Vipande hivyo wanaisimu huviita fonimu, yaani sauti zinazotofautisha maana: badili ya kwanza katika "pata" upate "bata" au "kata".

Jina la herufi nalo lisichanganywe na sauti yake. B huitwa "be", ila katika "baba" hakuna "be" popote. Aliyekaririshwa majina tu, akioneshwa b na a, husoma "bea", kisha anashangaa mwalimu hajaridhika. Si kosa lake. Konsonanti kama hiyo ni ngumu kutamka bila kuiegemeza kwenye irabu, ndiyo maana walimu wengi huanza na silabi: ba, be, bi, bo, bu.

Irabu za Kiswahili sanifu ni tano na zina herufi tano. Hapo tuna bahati. Kiingereza kina fonimu zipatazo 44 kwa herufi 26, ndiyo maana u ya "put" si ile ya "but".

Hata hivyo, ule usemi kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa una mipaka. Sh, ch, th, dh na ny ni herufi mbilimbili kwa sauti mojamoja. Mwulize mtoto "shoka" lina sauti ngapi: akisema tano amehesabu herufi, kwa sababu sauti ni nne, sh-o-k-a. Ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe" hutenganishwa na kialama kidogo cha juu, ambacho watu wazima wengi hukisahau wakiandika ujumbe kwa simu.

Ninaoupenda zaidi ni mfano wa "mbuni". Akiwa ndege, mb hutamkwa kwa pamoja na silabi ni mbili: mbu-ni. Ukiwa mti wa kahawa, m husimama peke yake na silabi huwa tatu: m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale. "Barabara" nayo, mkazo ukikaa kwenye silabi ya tatu ni njia. Ukikaa kwenye ya pili ni sawasawa kabisa. Karatasi haisemi lolote juu ya mkazo.

Zamani, Kiswahili kilipoandikwa kwa hati za Kiarabu, pengo lilikuwa kubwa zaidi. Alama za irabu fupi katika hati hizo ni tatu tu, hivyo i na e ziliweza kuandikwa kwa alama moja, u na o vilevile. "Tisa" na "tesa" ziliweza kufanana, na msomaji alichagua kwa kuangalia maneno ya jirani.