Lambda ya Python: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Neno lambda linawatisha wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, kuliko linavyostahili. "Hiyo tuwaachie wataalamu," huniambia. Hapana. Ni funksheni kama zile unazoandika kwa def: inapokea kitu, inarudisha jibu. Haina jina kwa sababu unaitumia palepale ulipoiandika. Chukua bidhaa za duka:

bidhaa = [("unga", 2200), ("sukari", 3000), ("chumvi", 800)]
sorted(bidhaa, key=lambda b: b[1])

Lambda inapewa kila bidhaa na kurudisha bei yake, nawe unapata orodha mpya iliyopangwa kutoka chumvi hadi sukari. Kwa def ungeongeza mistari miwili, na jina ambalo hutaliita tena.

Wengine hudhani ni mtindo wa juzi. Mwanahisabati Alonzo Church aliitumia lambda katika hisabati miaka ya 1930, lugha ya programu ya Lisp ikaichukua miaka ya 1950. Java ndiyo iliyochelewa, hadi 2014. Wengine huamini ina kasi kuliko def, haina. Na wanaoandika mara_mbili = lambda x: x * 2 wakidhani wameipa jina, kosa likitokea ripoti itaandika <lambda>. Ukitaka jina, andika def.

Dhana inayoumiza hasa ni kwamba lambda inabeba thamani ya kigeu (variable) kama ilivyokuwa siku ilipoandikwa. Niliwahi kukaa alasiri nzima na kijana ambaye vitufe vyake vitatu vilifungua ukurasa uleule wa mwisho. Tulipopunguza msimbo ukabaki hivi:

vitufe = [lambda: i for i in range(3)]
[k() for k in vitufe]

Alitegemea 0, 1, 2. Akapata 2, 2, 2. Lambda haikushika namba, ilishika kigeu i chenyewe, na hukisoma pale tu inapoitwa. Wakati huo kitanzi kimeshamaliza mzunguko na i imebaki 2. Usiilaumu kwa kukosa jina: def iliyoandikwa ndani ya kitanzi ingefanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni lambda i=i: i. Thamani ya awali ya kigezo (default) husomwa lambda inapoundwa, kwa hiyo kila moja inabaki na namba yake. Kijana yule aliongeza hizo alama tatu tu, i=i, akabonyeza kitufe cha kwanza, na ukurasa wa kwanza ukafunguka.