Je, wajua sajenti wa Keya aliteka kifaru cha vita kwa bastola?

Hapa Nakuru magari ya jeshi si kitu kigeni. Kambi ya Lanet iko mlangoni na ya Gilgil si mbali, basi ubishi wa silaha haukosi: mwenye bastola atakiwezaje kifaru?

Yuko aliyekiweza. Ni Sajenti Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kiganjo, wa kikosi cha 1/6, yaani batalioni ya kwanza ya Kikosi cha 6, cha King's African Rifles, au Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Tarehe 19 Mei 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, huko Colito, Ethiopia, kombania mbili za Keya zilikuwa zimevuka mto Billate bila silaha nzito. Ghafla Waitaliano wakatokea na vifaru. Leakey alikuwa ameishiwa na makombora ya motari yake. Kifaru kimoja kikija kutoka nyuma, akakirukia juu, akaung'oa mfuniko, akampiga risasi kamanda na waliokuwa naye. Dereva peke yake alimwacha hai, akamlazimisha kukiendesha hadi mafichoni.

Siri ni kwamba chuma kinachozuia risasi ndicho kinachowaziba macho waliomo. Nje wanakuona kupitia vitundu vyembamba tu, na mzinga hauinami kumpiga mtu aliyekwisha kukigusa kifaru. Mfuniko ukifunguka, wamebanana humo, hawana pa kukwepea. Kazi ni kufika, na wengi huishia njiani. Tena vifaru hutembea kwa kundi, kila kimoja kikilinda mgongo wa mwenzake.

Hapo ndipo alipopatikana. Mzinga wa kifaru alichokiteka ulikataa kulia, akashuka akisema atawafuata Waitaliano kwa miguu. Pamoja na sajenti-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili, wakaanza kuvinyemelea vilivyobaki huku risasi zikimiminika. Viwili vikapita. Cha tatu akakipanda, akafungua, akaua mmoja. Cha nne kikamwangusha kwa bunduki ya rashasha. Alikuwa na miaka 28.

Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, vita vikiwa vimekwisha. Linaloniudhi ni hili: maelezo ya nishani hayawataji kwa majina wale watatu, nao walivuka uwanja ule ule wa risasi. Kikosi cha 6 kilikuwa cha Tanganyika, kwa hiyo anayetafuta wajukuu waliosimuliwa habari za Colito aanzie ng'ambo ya mpaka, si hapa Nakuru.