Ukaribu wa wanaume wapendanao katika uchoraji wa leo

Wachambuzi wa sanaa wakitaja ukaribu wa wapenzi wa jinsia moja katika uchoraji wa leo, wanazungumzia picha za watu wanaotambulika kwa miili na nyuso, ambazo kiini chake ni upole wa mwanamume kwa mwanamume mwenzake. Wawili wamesinzia, wanapika, au mmoja anamnyoa mwenzake. Uchi si sharti. Miili mitupu ya wanaume imejaa katika sanaa ya Ulaya tangu kale, ila mingi ni ya mashujaa na wapiganaji: misuli imekaza, kifua mbele, macho yako mbali. Hapa swali ni jingine: mwanamume hukaaje pale asipohitaji kumtisha wala kumlinda mtu?

Zamani ilibidi kujificha. Mwaka 1953 mchoraji wa Uingereza Francis Bacon alichora Two Figures, wanaume wawili kitandani, akiegemea picha za wanamieleka zilizopigwa na Eadweard Muybridge katika karne ya 19. Mapenzi hayo yalikuwa jinai Uingereza, na mieleka ilimpa njia ya kuonyesha miili iliyokumbatana. Mwaka 1966 David Hockney alichora Peter Getting Out of Nick's Pool. Kijana anatoka bwawani, mgongo kwetu, lakini mkao wake ulitokana na picha ya kamera akiwa ameegemea gari. Ndiyo maana ametulia kuliko mtu anayejivuta kutoka majini. Tunamwona kwa jicho la anayempenda, si la anayempima misuli. Picha hiyo ilipata Tuzo ya John Moores, tuzo ya uchoraji ya Uingereza, mwaka 1967, mwaka uleule sheria ilipolegezwa England na Wales.

Ukisimama mbele ya picha ya namna hii, anza na mikono. Kiganja chenye uzito huubonyeza mwili: nyama huzama kidogo, kivuli chembamba huingia kati ya vidole. Mchoraji akiusahau mbonyeo huo, mkono unaelea, na wapenzi wanakuwa sanamu mbili zilizosogezwa pamoja. Kosa jingine, baya zaidi kwa maoni yetu, hutokea pale miili inapogusana. Ukiuzungushia kila mwili mstari mkali mwanzo hadi mwisho, umeshawatenganisha. Mchoraji stadi huupoteza mstari, bega la huyu likayeyuka katika kivuli cha shingo ya yule, kisha huuacha mkali sehemu moja au mbili tu ili jicho lijue nani ni nani. Rangi nayo inataka uangalifu. Ngozi nyeusi ikiangazwa kwa rangi nyeupe pekee hugeuka jivujivu. Joto lake hurudi kwa kahawia yenye wekundu kwenye nuru, na bluu kidogo vivulini.

Salman Toor, mzaliwa wa Lahore anayeishi New York, huzamisha vyumba vizima katika kijani. Katika The Bar on East 13th ya 2019 alichukua mpangilio wa picha mashuhuri ya Mfaransa Édouard Manet inayoonyesha baa, akamweka kijana wa kiume nyuma ya kaunta. Wanaume wake ni wembamba, viungo vimelegea, na ulegevu huo haukuwekwa uchekwe. Louis Fratino, Mmarekani, hukunja na kurefusha viungo ili wawili wajaze fremu yote.

Karibu na kwetu yuko Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Kampala Suburb yake ya 2014 inaonyesha wanaume wawili wakibusiana, na mwaka huohuo Uganda ilitia saini sheria kali dhidi ya mapenzi hayo, iliyobatilishwa na mahakama mwezi Agosti. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke. Buganda wanakitumia kufunika maiti na katika sherehe za kifalme. Kuwaweka wapenzi hao juu yake ni kuwapa mahali katika urithi wenyewe. Lubugo halinyooki kama turubai: lina matundu, makovu na mishono, na Armitage huyaacha yakapita ndani ya picha. Kwenye skrini ya simu hayo hupotea. Ukiipata picha yenyewe, itazame kwanza kutoka pembeni, nuru ikiupitia uso wake kwa mshazari, ndipo usogee mbele.