Apleti iliyosainiwa: onyo la nini tena?

Apleti ni programu ndogo, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, iliyokuwa ikipakuliwa pamoja na ukurasa wa wavuti na kuendeshwa humo humo kwenye kivinjari. Zilianza mwaka 1995. Kwa kawaida apleti ilifungiwa uani: haikuweza kusoma faili zako, wala kuwasiliana na seva nyingine isipokuwa ile ilikotoka.

Ikitaka kutoka nje ya ua huo, tuseme kuhifadhi faili kwenye diski yako, ilibidi isainiwe. Mtengenezaji aliifunga katika faili ya JAR, yaani furushi la faili za Java, akaitia saini ya kidijitali kwa ufunguo wake wa siri na kuambatisha cheti cha kumtambulisha.

Sasa mtu angeuliza: kama imesainiwa, mbona kompyuta bado inanitisha kwa dirisha la onyo kabla ya kuiendesha? Kwa sababu saini huthibitisha mambo mawili tu: nani aliyeitia, na kwamba faili haijaguswa tangu hapo. Kama aliyesaini ni mwema, haisemi. Hata mwizi ana jina. Lile dirisha la onyo lilikuwa ombi la ruhusa: fulani anataka kutoka uani na kushika chochote unachoweza kukishika wewe, umruhusu au la? Ndiyo maana apleti iliyosainiwa, ukishaikubali, iliweza kukudhuru kuliko ile isiyo na saini yoyote.

Maneno ya onyo nayo yalitofautiana. Jina la mchapishaji, yaani aliyesaini, likionekana, cheti kilitoka kwa mamlaka ya kutoa vyeti inayotambulika. Ukiona mchapishaji hajulikani, mara nyingi mtengenezaji alikuwa amejitengenezea cheti mwenyewe, sawa na kujiandikia barua ya utambulisho. Na kuna vyeti vilivyopitwa na muda. Saini isiyo na muhuri wa wakati, yaani alama inayothibitisha ilitiwa lini, huchakaa pamoja na cheti chake, hata kama programu haijabadilika herufi moja.

Tatizo ni kwamba watu tulizoea kubofya kitufe cha kukubali bila kusoma. Kuanzia sasisho la 51 la Java 7, Januari 2014, Oracle, kampuni inayomiliki Java, ilikaza kamba: apleti zisizo na saini, na zile za vyeti vya kujitengenezea, zilizuiwa katika mpangilio wa kawaida wa usalama, isipokuwa mtumiaji mwenyewe aiingize anwani ya tovuti husika kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Kisha vivinjari vikaitema programu-jalizi yenyewe iliyoendesha apleti, Chrome mwaka 2015 na Firefox 2017. Java 11, iliyotoka 2018, haikuja nayo tena.