Maarifa ya jumla ya sayansi si majibu ya mkato

Sayari gani ni kubwa kuliko zote? Alama ya kikemia ya dhahabu ni ipi? Nani aligundua penisilini? Likitangazwa "jaribio la maarifa ya jumla ya sayansi" kwa kidato cha kwanza na cha pili, maswali huwa ya namna hii, na mtoto anayeyajibu upesi hupigiwa makofi kwamba maarifa yake ya jumla ni makubwa. Kumbukumbu yake ni kubwa, hilo sibishi. Maarifa ya jumla hayajapimwa bado.

Maana yenyewe ni fupi. Maarifa ya jumla ya sayansi ni kuzielewa kanuni za msingi za maada, nishati, viumbe hai na Dunia, pamoja na njia ambazo sayansi hutumia kupata majibu yake, kwa kiasi cha kumwezesha mtu asiye mtaalamu kueleza analoliona na kupima analoambiwa. Upimaji wa kimataifa wa PISA, unaofanywa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, tangu mwaka 2000 kwa vijana wa miaka 15, hufuata maana inayokaribia hiyo: mwanafunzi hupewa maelezo, jedwali au grafu, kisha huulizwa inaonyesha nini na haionyeshi nini.

Kinachonisumbua ni pale tofauti ya taarifa na maarifa inapofutwa, kwa sababu ikifutwa, jaribio linaweza kumwadhibu mtoto anayejua na kumzawadia asiyejua. Chukua swali ambalo halikosekani: maji huchemka kwenye nyuzi joto ngapi? Mwongozo wa kusahihisha unasema 100. Sasa mpe mwanafunzi wa Dodoma mjini kipimajoto kizuri na sufuria ya maji safi. Atasoma karibu nyuzi 96, na maji yatatokota hapo hapo bila kupanda, hata ukiongeza mkaa. Mji huu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani kiasi hewa inavyokandamiza kila eneo, ni ndogo kuliko ya pwani, na kimiminika huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Hewa ikikandamiza kidogo, maji hayahitaji kufika mbali. Dar es Salaam, kandokando ya bahari, utapata karibu 100. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, utapata karibu 94, na maharage yatachukua muda mrefu zaidi kuiva ingawa moto ni ule ule.

Mtoto aliyepima akaandika 96 anakosa alama. Aliyekariri 100 anapata. Wa kwanza ana kipimo alichokifanya mwenyewe, na akiulizwa sababu huenda anayo. Wa pili ana namba ambayo sharti lake, kanieneo ya usawa wa bahari, liliachwa njiani na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Swali hilo lingekuwa la maarifa kama lingesema: wanafunzi wa Dodoma na wa Dar es Salaam walichemsha maji, wakapata 96 na 100, toa sababu moja inayoweza kueleza tofauti hiyo, kisha sema utaihakikishaje. Sehemu ya mwisho ndiyo tunayoiruka kila mara, nayo ndiyo sayansi yenyewe. Mtoto anaweza kudhani kipimajoto kimoja kibovu. Ni dhana halali kabisa, na njia ya kuijaribu ni rahisi: wabadilishane vipimajoto, wapime tena.

Wengine husema tatizo ni maswali ya kuchagua herufi, yafutwe. Hapana. Swali la kuchagua likitungwa na mtu anayejua wanafunzi wanafikiri nini, hufanya kazi kubwa. Uliza kwa nini Dodoma kuna baridi mwezi Julai. Weka miongoni mwa majibu: "kwa sababu Dunia iko mbali zaidi na Jua". Hili ni jibu la hatari, maana nusu yake ni kweli. Mapema Julai Dunia huwa kweli mbali zaidi na Jua, kilomita zipatazo milioni 152, na mapema Januari huwa karibu zaidi, kama milioni 147. Aliyekariri namba hizo atalikimbilia. Lakini Julai hiyo hiyo London ni kiangazi, na London nayo iko kwenye Dunia hii hii. Umbali hauwezi kuleta baridi huku na joto kule. Sababu ni mhimili wa Dunia ulioinama kama nyuzi 23.5: Julai kizio cha kusini kimegeukia upande usioelekea Jua, na sisi, tulio nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, tunaguswa kwa kiasi, huku upepo wa kusi na usiku usio na mawingu vikimalizia kazi. Mwalimu akiona nusu ya darasa imechagua umbali, amejua kitu ambacho alama jumla ya karatasi isingemwambia.

Neno "jumla" nalo hufanywa kuwa kapu: fizikia maswali kumi, kemia kumi, baiolojia kumi, yameshakuwa ya jumla. Huo ni mchanganyiko tu. Ujumla unaonekana pale jambo moja linapodai masomo yote kwa pamoja, na mkoa wetu wa Dodoma una mfano ambao sijui kwa nini hatuutumii. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga kwa mashine. Mwaka 1951 ukaachwa. Mvua ilikuwa chache na isiyotabirika. Udongo una mfinyanzi mwingi, ukikauka hukakamaa. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili maelezo hayo mawili, mkumbushe kwamba ua la mkaranga likishachavushwa huteremsha kikonyo kinachopenya ardhini na karanga hukulia humo chini, halafu muulize kwa nini udongo huo ulikuwa mbaya kwa karanga kuliko ambavyo ungekuwa kwa mtama. Atagusa baiolojia ya mmea, fizikia ya chembe za udongo, na hali ya hewa ya Ugogo, bila kuambiwa somo gani linaanzia wapi.

Walimu wenzangu, mashindano ya majibu ya haraka yana raha yake na yaendelee, yakiitwa chemsha bongo. Karatasi itakayobeba jina la maarifa ya jumla ya sayansi ipunguze maswali hata yabaki manane, iache nafasi ya kuandika sababu, na mwongozo wake ukubali jibu lolote ambalo mtoto amelitetea kwa ushahidi. Na kwa kidato cha kwanza, ambaye mwaka jana tu alisoma sayansi kwa Kiswahili na nyumbani huenda anazungumza Kigogo au Kirangi, aruhusiwe kuandika sababu hizo kwa Kiswahili. Karatasi ya Kiingereza tupu mikononi mwake hupima Kiingereza kwanza, na tukiona alama ndogo hatutajua ni kipi kilichomshinda, Kiingereza au sayansi.