Kipaji, bahati na mkataba: dhana potofu kuhusu kazi ya uigizaji

Kijana wa Tanzania au wa Kenya anapotangaza nyumbani kwamba anataka kuishi kwa uigizaji, mara nyingi hupata jibu moja kati ya mawili. Ama ataambiwa atafute kazi ya maana, ama atasifiwa kwamba kipaji anacho na riziki yake itakuja yenyewe. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini asili yake ni moja: yote mawili hayaamini kwamba uigizaji ni kazi yenye mafunzo, malipo, mikataba na sheria zake. Dhana nyingi zinazowagharimu vijana fedha, muda na hata usalama wao zinachipuka hapo.

Inayosikika zaidi ni kwamba mwigizaji huzaliwa, hafundishwi. Hakuna anayekataa kuwa watu hutofautiana kwa vipaji, ila kipaji peke yake hakimfundishi mtu namna ya kutoa sauti ikafika safu ya mwisho ya ukumbi bila kipaza sauti na bila kuumiza koo, maonyesho kadhaa mfululizo. Wala hakimfundishi kwamba mbele ya kamera tendo lile lile hurudiwa mara nyingi kutoka pembe tofauti, na kwamba kikombe alichokiinua kwa mkono wa kulia akitamka neno fulani lazima akiinue vivyo hivyo kila mara, la sivyo mhariri atashindwa kuunganisha vipande. Onyesho la msiba huenda likarekodiwa asubuhi, na la furaha iliyoutangulia msiba huo likarekodiwa jioni, kwa kuwa ratiba hufuata mahali na mwanga, haifuati mtiririko wa hadithi. Mwigizaji ambaye hakuusoma muswada wote na kujua mhusika wake amefikia wapi kihisia katika kila onyesho hupotea hapo hapo.

Haya yote yanafundishika, na yamekuwa yakifundishwa kwetu kwa muda mrefu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinajulikana kama TaSUBa, kilianzishwa mwaka 1981, na mwanafunzi wa maigizo pale hukutana pia na ngoma, muziki, sarakasi na ufundi wa jukwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimefundisha sanaa za maonyesho kwa miongo mingi. Asiyepata nafasi au ada ya chuo bado ana vikundi. Steven Kanumba, kabla ya kuwa jina kubwa kabisa katika filamu za Bongo, alipitia Kaole Sanaa Group, kundi ambalo michezo yake ilirushwa na kituo cha televisheni cha ITV. Kikundi chenye mazoezi ya kila wiki, wakongwe wasioona haya kukosoa na watazamaji wa kweli ni darasa, na kwa maoni yangu ni darasa bora kuliko kozi nyingi fupi zinazouzwa kwa cheti cha kuvutia.

Kwamba ni lazima uwe mrembo au kijana ni dhana isiyohitaji maneno mengi: hakuna tamthilia inayoweza kuendelea bila bibi, mzee wa baraza, mlinzi, dereva na jirani mmbea, na wanaozimudu nafasi hizo hufanya kazi miaka mingi kuliko wanaotegemea sura.

Dhana ya tatu ni ile ya kung'ara ghafla, na mfano unaotajwa sana ni Lupita Nyong'o, aliyepokea Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike mwezi Machi 2014 kwa filamu yake ya kwanza kubwa. Anayeitazama siku ile peke yake huona bahati. Ukweli ni kwamba alipanda jukwaani Nairobi akiwa bado msichana wa shule, katika kundi la Phoenix Players. Alifanya kazi nyuma ya kamera kama msaidizi katika filamu za watu wengine. Mwaka 2009 aliigiza katika tamthilia ya runinga iliyorekodiwa Nairobi. Kisha akasoma uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu mwaka 2012. Ni haki kusema pia kwamba familia yake ilikuwa na uwezo na elimu ambayo vijana wengi hawana, na kumficha kijana ukweli huo si kumtia moyo. Hata hivyo, uwezo wa familia ulimfungulia milango ya shule. Ile kazi ya zaidi ya miaka kumi aliifanya mwenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba jukwaa limekufa, na kwamba anayebaki jukwaani ni yule aliyeshindwa kuingia kwenye filamu. Nchini Kenya, vikundi huzunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu vya tamthilia vinavyotahiniwa, na kwa waigizaji wengi hiyo imekuwa ndiyo kazi yao ya kwanza ya kulipwa. Mashirika ya afya na ya haki za binadamu huagiza maigizo ya kuelimisha jamii, yanayochezwa sokoni na viwanjani. Redio nayo inahitaji waigizaji: mchezo wa Twende na Wakati ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 ulihitaji watu wa kubeba ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI kwa sauti tupu. Tangu televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, iliporusha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, kazi ya kuingiza sauti imekua hadi kuwa ajira ya kueleweka, na wanaoipata ni wale wenye matamshi safi, pumzi ya kutosha na wepesi wa kusoma. Mwigizaji anayedharau jukwaa na redio anajifungia milango ambayo hukaa wazi hata filamu zinapoadimika.

Sasa nije kwenye dhana inayoniumiza kuliko zote: kwamba ili upate nafasi lazima utoe kitu. Kijana huitwa kwenye usaili, akifika anaambiwa alipie fomu, picha au "nafasi". Binti huambiwa amfuate mwongozaji hotelini, usiku, ili "azungumzie uhusika". Wengine hulikubali jambo hili kama desturi ya kazi. Sivyo ilivyo. Katika usaili wa kweli mtayarishaji ndiye anayegharamia, kwa sababu yeye ndiye anayemtafuta mtu; hufanyika mchana, mahali panapojulikana, mbele ya watu zaidi ya mmoja, na anayesailiwa hupewa kipande cha kusoma. Si kila ada ni wizi: chuo hutoza karo, na mamlaka za sanaa zina ada zao za usajili zinazotolewa risiti. Kinachotakiwa kumshtua mtu ni ada inayotozwa kwa ahadi ya kuchukuliwa.

Kuhusu ngono, sheria haina utata. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kutoa ajira au upendeleo, na malalamiko hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inatambua unyanyasaji wa kingono unaofanywa na mtu mwenye mamlaka. Mzazi anayejua haya atamsaidia binti yake zaidi kwa kumsindikiza kwenye usaili kuliko kwa kumkataza sanaa.

Dhana ya mwisho ni kwamba umaarufu ni utajiri. Enzi za santuri za VCD, filamu nyingi za Bongo ziliuzwa moja kwa moja kwa msambazaji, mwigizaji akalipwa mara moja, na sura yake ikaendelea kuuza kwa miaka bila yeye kupata shilingi nyingine. Amri Athumani, ambaye taifa zima lilimjua kama King Majuto, alianza kuigiza mwaka 1958, akachekesha vizazi vitatu; lakini mwaka 2018, akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilijadiliwa hadharani hadi waziri mwenye dhamana ya sanaa akaliingilia. Alifariki Agosti mwaka huo huo.

Haki za mwigizaji zipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nchini Tanzania, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inawatambua watumbuizaji, wakiwemo waigizaji, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Mkataba wa kimataifa wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, unazipa uzito haki za waigizaji katika filamu kwa nchi zilizouridhia, lakini unaruhusu nchi kuweka utaratibu wa haki hizo kuhamia kwa mtayarishaji pale mwigizaji anapokubali kurekodiwa, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayofanya karatasi kuwa muhimu kuliko ahadi. Kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, mkataba utaje malipo na tarehe zake, idadi ya siku za kazi, nani anagharamia usafiri, chakula na matibabu ya ajali, kazi itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, na kama itauzwa mtandaoni au kutumika katika tangazo, mwigizaji atapata nini cha nyongeza. Usainiwe na pande zote mbili, na nakala moja ibaki mikononi mwa mwigizaji mwenyewe.